Sauti za Busara kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kijana Anayefuata Muziki wa Laivu Unguja

Kiangazi cha Unguja huanza vuli zinapokatika mwezi Desemba na hudumu hadi masika yanapokaribia mwezi Machi. Upepo ni wa kaskazi, mchana joto hupita nyuzi 30, na usiku ukuta wa mawe bado una fukuto. Ndani ya msimu huo, mwezi Februari, ndipo linapofanyika tamasha la Sauti za Busara. Lilianza 2004 na limeruka mwaka mmoja tu, 2016, kwa kukosa fedha. Sharti lake kubwa ni kwamba muziki wote upigwe laivu. Hakuna pleibeki, hakuna mwimbaji wa kuchezesha midomo juu ya wimbo wake mwenyewe. Sharti hilo linamgusa msikilizaji kuliko anavyodhani: linaamua asimame wapi, anywe maji saa ngapi, na kwa nini asikasirike bendi ikichelewa kuanza.

Tarehe kwanza, nauli baadaye

Kosa la kwanza la wengi ni kukata tiketi ya boti kwa kukisia tarehe za mwaka uliopita. Usifanye hivyo, hasa miaka hii. Ramadhani inazidi kusogea kuelekea mwanzo wa mwaka: 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na 2028 mwishoni mwa Januari. Mwezi wa mfungo Unguja hapapigwi muziki wa hadhara. Kwa hiyo subiri waandaaji watangaze tarehe wenyewe, soma na ukumbi ni upi, kisha ndipo ufungue pochi. Kwa miaka mingi jukwaa kuu limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, Mji Mkongwe, mkabala na bustani ya Forodhani, na maelezo mengi humu yanahusu hapo. Lakini majukwaa mengine huongezwa au kuhamishwa, hivyo ratiba ya mwaka husika ndiyo ya kufuata.

Tiketi huuzwa mtandaoni na mlangoni. Bei hutofautiana: Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, na ili upate bei hiyo lazima uonyeshe kitambulisho. Beba kadi yenyewe, NIDA au ya mpiga kura, si picha kwenye simu iliyoisha chaji. Ukipata nafasi ya kununua pasi ya siku zote, piga hesabu kwanza. Kama utaingia usiku mmoja tu, tiketi ya siku inatosha. Ukiingia zaidi ya hapo, pasi mara nyingi ndiyo inayokuokoa. Pasi hubadilishwa kwa bangili ya kuvaa mkononi. Ivae mkono usioutumia sana, na ibane kiasi cha kidole kimoja kupita. Ikilegea itachomoka kwenye msongamano, na bangili iliyokatika haibadilishwi kirahisi. Usinunue bangili kwa mtu wa barabarani anayesema anaondoka mapema. Ikishafungwa haifunguki bila kukatwa, sasa yeye aliivuaje?

Kama mfuko ni mtupu kabisa, angalia ratiba ya alasiri. Mara nyingi huwa na maandamano ya ufunguzi mitaani na maonyesho ya bure pale Forodhani. Beni na ngoma zinazopita barabarani zina utamu ambao jukwaa lenye mitambo haliwezi kuuiga, na hulipi hata senti.

Boti na mahali pa kulala

Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam huchukua karibu saa mbili. Fika bandarini saa nzima kabla, kwa sababu kuna foleni ya vitambulisho na ya mizigo. Wikiendi ya tamasha boti hujaa, basi kata tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, tena kwenye ofisi au tovuti ya kampuni, si kwa wapiga debe wanaokupokea getini. Kaskazi ikikaza, mkondo wa katikati huchafuka. Keti sehemu ya chini, nyuma ya katikati ya chombo, ambako mrusho ni mdogo. Kula chakula chepesi saa moja na nusu kabla ya kuondoka, na kama huwa unatapika, mwulize mfamasia dawa ya kichefuchefu, unywe kabla ya kupanda. Ukiinywa mawimbi yakishaanza, umechelewa. Wanaotoka nje ya Tanzania wakague pia sharti la bima ya wageni wa Zanzibar lililoanza Oktoba 2024, wasije wakalikuta mlangoni.

Kutoka bandari ya Malindi hadi Ngome Kongwe ni mwendo wa dakika 15 hivi kwa miguu. Fuata barabara ya Mizingani, bahari ikiwa kuliani mwako, pita Jumba la Kasri hadi Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani Barghash lililoporomoka upande mmoja Desemba 2020. Ngome iko jirani yake. Huhitaji teksi, hata kama utaambiwa mara kumi njiani kwamba unaihitaji.

Vyumba ndani ya Mji Mkongwe hupanda bei wiki hiyo. Kikwajuni, Mwembetanga na Michenzani bado ni mwendo wa miguu, na bei ni ya kibinadamu. Kabla ya kulipa uliza mambo matatu: mlango wa chini hufungwa saa ngapi, feni inafanya kazi umeme ukikatika, na kutoka hapo hadi Forodhani ni dakika ngapi usiku, si mchana. Swali la kwanza ndilo linalosahaulika. Nyumba nyingi za familia hufunga saa nne, na onyesho la mwisho huenda likawa halijaanza.

Mkoba

Chukua mkoba mdogo unaokaa kifuani. Ndani weka chupa ya maji tupu ya nusu lita, viziba masikio, kitambulisho, noti ndogondogo, pawabenki, na khanga au kikoi kimoja. Khanga ina kazi tatu: unaikunja mara nne kukalia ngazi za mawe, unajifunika mabega unapopita mitaani, na inakufaa upepo wa bahari ukianza kupoa baada ya saa sita usiku. Mfuko wa plastiki acha nyumbani, umepigwa marufuku. Pombe kutoka nje utanyang'anywa mlangoni, na droni bila kibali ni kujitafutia kesi.

Mavazi: pamba nyepesi inayofunika mabega na magoti. Mji Mkongwe watu wanaishi, wanasali, wanalea watoto. Viatu viwe vya kufunika vidole. Ndala hukatika mtu akikukanyaga, na kutembea peku juu ya nyasi zenye vifuniko vya chupa si mchezo.

Pa kusimama

Hapa ndipo pesa yako inapopatikana au kupotea. Vijana wengi hukimbilia uzio wa mbele wakidhani ndiko kwenye sauti nzuri. Mbele kuna picha nzuri. Sauti iko kwingine.

Spika kuu huning'inizwa au kupandishwa juu pande mbili za jukwaa na huelekezwa kwa umati wa katikati na nyuma. Ukiwa umeegemea uzio, mlio wake unapita juu ya kichwa chako. Unachosikia wewe ni ngoma zenyewe zinavyogongwa, gitaa linalotoka kwenye spika ndogo ya mpigaji, na besi za chini zilizopangwa sakafuni hatua mbili kutoka magotini mwako. Sauti ya mwimbaji, ambayo bila mitambo ni dhaifu kuliko vyote hivyo, inamezwa. Ndiyo maana mtu wa mbele huona mdomo unafunguka na maneno hayasikii.

Tafuta meza ya fundi mitambo. Mara nyingi huwa katikati ya ua, imezungushiwa uzio, ina mashine yenye taa nyingi. Fundi anachanganya sauti kwa kile kinachofika masikioni mwake pale alipo, hivyo aliye karibu naye anasikia alichokikusudia. Simama hatua mbili tatu mbele ya meza hiyo au ubavuni mwake. Kama hapafikiki, tumia pembetatu: pima kwa macho umbali kati ya spika za kushoto na za kulia, kisha simama kwenye mstari wa katikati, umbali huohuo kutoka jukwaani. Spika zikiwa zimeachana mita 12, mita 12 mbele ni pazuri.

Ngome Kongwe ina jambo lake la pekee, nalo ni kuta. Zilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, nene, za mawe ya matumbawe, na hazinyonyi besi. Ukiegemea ukuta, besi hujirundika mgongoni na kila kitu kinakuwa mvumo. Kwenye kona ni vibaya zaidi, maana kuta mbili zinarudisha kwa pamoja. Ukisimama kati ya jukwaa na ukuta ulio mita 20 nyuma yako, mlio hukupita, ukagonga ukuta, ukakurudia baada ya zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Utasikia ngoma mbili mahali pa moja. Jaribu hivi: sikiliza mlio mkavu wa snea, ule mkali wa drams. Kama unasikia ta-ta badala ya ta, sogea mita tatu kuelekea katikati, usikilize tena. Mara nyingi hatua hizo chache tu zinamaliza tatizo.

Angalia pia vichwa. Besi huzunguka mwili wa mtu, lakini milio ya juu, kama matoazi na konsonanti za mwimbaji, huzuiwa na mgongo wa jirani. Ukiwa mfupi, kimo cha ngazi kina faida kuliko ukaribu. Kwenye sehemu yenye ngazi za mawe, kaa safu za kati. Za juu kabisa hupata kelele za watu wanaopita, za chini kabisa zina tatizo lilelile la uzio.

Msongamano ukibana hadi huwezi kuinua mikono, umeshachelewa kidogo, toka. Usisukumane kurudi nyuma moja kwa moja. Weka mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua, ngoja wimbi la watu lilegee, kisha kata kwa mshazari kuelekea pembeni. Simu ikianguka, usiiname. Na kabla giza halijaingia, tambua milango ya kutokea iko wapi. Ngome ilijengwa kuzuia watu wasiingie, hivyo haina milango mingi.

Ule muda wa kubadilisha bendi

Onyesho la mtu mmoja na pleibeki hubadilishwa kwa dakika mbili. Bendi ya watu kumi inayopiga laivu haibadilishwi hivyo. Kila ngoma inahitaji maikrofoni yake, kila gitaa waya wake, na fundi lazima asikie kimoja kimoja kabla hajakifungulia umma. Chombo kama kanuni, chenye nyuzi zaidi ya sabini, kikitoka chumba chenye feni kikaingia kwenye fukuto la Februari, nyuzi hulegea na mpigaji anaanza kuzipatanisha upya. Ukimwona fundi jukwaani anagonga maikrofoni na kunyoosha kidole juu, anamwambia mwenzake wa mezani aongeze, akikishusha, apunguze.

Muda huo ni wako. Nenda chooni dakika tano za mwanzo au subiri zile za mwisho, maana katikati ndipo foleni inapofurika. Jaza chupa. Toa masikio nje ya kelele. Adhana ikiingia, kwa kawaida muziki husimama. Maghribi ya Februari ni karibu saa moja kasoro robo jioni, basi panga maakuli yako hapo.

Usijaribu kuona wote. Jukwaa likiwa na wasanii sita usiku mmoja, chagua watatu wa kusikiliza kwa makini tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na mmoja usiyemjua kabisa. Huyo usiyemjua ndiye anayefanya tamasha kama hili liwe na maana. Wanaokuja kumsubiri staa mmoja wangeweza kubaki na simu zao nyumbani.

Masikio

Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake za 2022 kuhusu kumbi za muziki, liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100. Hicho ni kikomo cha juu, si kiwango cha kukaa ndani yake usiku kucha. Kwa vipimo vyao, desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hukatika nusu. Kwa desibeli 100 unabakiwa na kama dakika 20 tu. Usiku mmoja ni saa tano au sita. Hesabu inajieleza.

Viziba vya sponji vinauzwa famasi kubwa na maduka ya vifaa vya ujenzi, kwa bei ndogo. Wengi huvivaa vibaya kisha husema havifanyi kazi:

1. Osha mikono, kisha sokota kiziba kwa vidole hadi kiwe chembamba kama njiti, bila mikunjo.
2. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke.
3. Ingiza upesi, kisha shikilia kwa kidole sekunde 30 hadi sponji itanuke.
4. Jaribu: funika masikio kwa viganja. Mlio ukibadilika sana, kiziba hakijaziba, rudia.

Sponji hupunguza milio ya juu zaidi ya besi, hivyo muziki unakuwa kama umefunikwa blanketi. Kama unakwenda matamasha mara kwa mara, nunua viziba vya mpira vya wanamuziki. Hupunguza kwa usawa, maneno yanabaki wazi. Pamba na karatasi ya chooni hazizuii chochote cha maana. Kila baada ya saa moja toka nje dakika kumi. Masikio yakilia usiku huo, umeyazidishia. Yakiendelea kulia baada ya siku mbili, mwone daktari, usingoje yazoee.

Joto, maji na Forodhani

Kunywa nusu lita saa moja kabla ya kuingia, kisha robo lita kila nusu saa unapocheza. Anayetoka jasho hadi shati kulowa aongeze pakiti moja ya ORS kwenye lita moja, inywewe kidogokidogo. Mwenzako akianza kuumwa kichwa, kuchanganya maneno, au ngozi ikawaka moto, mtoe kwenye umati, mlaze penye upepo, mloweshe shingo na makwapa, mwite mhudumu wa huduma ya kwanza mara moja. Usimpe soda ya baridi ukadhani umemaliza.

Pale bustanini kuna mishikaki, pweza, mkate wa kusukuma, urojo na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Kubalianeni bei kabla kitu hakijawekwa motoni. Samaki aliyechomwa tangu jioni anayepashwa tu usimchukue. Omba kinachowekwa mkaani mbele yako. Urojo ni mtamu lakini ni mzito, na wenye bajia nyingi ukiula dakika kumi kabla ya kuruka utaujutia.

Simu

Pawabenki ya mAh 10,000 huchaji simu ya mAh 4,000 kwa kamili kama mara moja na nusu, si mbili na nusu, kwa sababu umeme mwingi hupotea njiani. Video ya 1080p hula takriban MB 60 hadi 130 kwa dakika, basi safisha simu kabla ya boti. Sauti ikitoka imekwaruza, maikrofoni imezidiwa na besi. Rudi nyuma hadi kwenye meza ya fundi, rekodi sekunde kumi, sikiliza kwa earphone, ndipo uendelee. Kwa picha, bonyeza uso wa mwimbaji hadi mwanga ujifunge, kisha shusha mwangaza kidogo. Bila hivyo taa za jukwaani humgeuza kuwa doa jeupe. Wimbo mmoja unatosha. Walio nyuma yako walilipa kiingilio waone jukwaa, si kioo cha simu yako.

Taarabu ikipanda jukwaani

Hapa vijana wa bara huchanganyikiwa. Ikhwani Safaa, kikundi cha tangu 1905, au Culture Musical Club, cha tangu 1958, hakipigi kwa kishindo. Kuna udi, kanuni, fidla, kodiani na dumbaki, na utangulizi wa ala pekee unaweza kuchukua dakika kadhaa kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Sogea mbele kuliko ulivyozoea, kaa, nyamaza wakati wa utangulizi.

Kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa akiimba, kuna utaratibu. Shika noti mkononi juu, uonekane, nenda polepole kwa mwendo wa wimbo. Fika wakati wa kiitikio, si katikati ya ubeti wala ala moja ikiwa inapiga peke yake. Mpe mwimbaji mkononi au weka alipokwishaweka mwenzako, geuka, ondoka. Usisimame kupiga selfi. Ubeti unaounyanyukia husomwa na ukumbi mzima kuwa una mtu unayemlenga, basi kama humlengi yeyote, tunza kwenye kiitikio cha wimbo wa mapenzi na uwe salama. Jukwaa lenye uzio mrefu huenda lisikuruhusu kupanda; mwulize mlinzi kwanza.

Kutoka

Wimbo wa mwisho ukikaribia, usisubiri taa kuwaka. Ama toka nyimbo mbili kabla, ama kaa dakika 20 baada ya kwisha umati ukipungua. Wanaonaswa ni wanaotoka katikati ya nyakati hizo. Kubalianeni na wenzako mahali pa kukutania panapojulikana hata mtandao ukianguka, kwa mfano geti la Forodhani upande wa ngome, siyo "pale nje". Vichochoro vya Mji Mkongwe vinapotosha hata mchana, hivyo usiku pitieni barabara kuu, watu watatu au zaidi, simu mfukoni. Dada akifuatwa na mtu asiyemtaka, aingie dukani au arudi kwa walinzi wa mlangoni kuliko kuharakisha peke yake gizani.

Boti ya kwanza ya asubuhi ina bei ileile na ya mchana. Chukua ya mchana. Utalala, utapata chai na kitumbua, na utakuwa na saa moja ya kutafuta albamu za wale waliokugusa. Wasanii wengi huuza wenyewe wakati wa tamasha, na wakati mwingine hiyo ndiyo nakala pekee utakayoiona, kwa kuwa kazi zao hazimo kwenye programu unayoitumia kusikilizia muziki.